Umejua ukubwani kuwa asili yenu siyo ile mliyoambiwa? Mwongozo kamili wa kutafuta, hatua kwa hatua

Nilikuwa na miaka 51 nilipojua kuwa sisi siyo Wabondei. Ilikuwa arobaini ya baba, watu washakula washaondoka, tumebaki wa ndani tunakusanya masinia, shangazi yangu ambaye ndo mkubwa kuliko wote waliobaki kwetu akasema taratibu kama anaongea peke yake, "bibi yetu angekuwa na kwao, leo wangekuja." Nikamuuliza kwao si Muheza, shangazi? Akaniangalia, akasema Muheza ni kwao mumewe, yeye aliletwa. Neno hilohilo tu, aliletwa. Bibi yake shangazi ndo mama mzaa bibi yangu, mi ni kitukuu chake, na jina la kwao sikuwahi hata kujiuliza.

Tangu siku ile imepita miaka mitatu na nimejifunza mengi, mengine kwa kukosea, kwa hiyo nayaandika hapa kwa mtu ambaye kaambiwa jambo kama hili akiwa mtu mzima, ana wajukuu pengine, na hajui aanzie wapi.

Hatua ya 1: Andika usiku uleule, halafu nyamaza

Kabla hujampigia mtu simu chukua daftari uandike maneno yaleyale yaliyosemwa, yaani siyo maana yake, maneno yenyewe, na nani alisema, nani alikuwepo, na nani alibadilika uso. Kichwa kinarekebisha mambo haraka sana, baada ya wiki utakuwa unakumbuka hadithi uliyoitunga mwenyewe. Mi neno "aliletwa" lingenipotea kabisa, ningeandika "alihamia", na ningetafuta mahali siyo.

Na kunyamaza maana yake usiweke kwenye grupu la familia la WhatsApp. Mi niliweka. Nilidhani nauliza swali tu, ndani ya saa moja watu wameshabishana, mmoja akasema tunadhalilishwa, mwingine akamwandikia shangazi moja kwa moja, na shangazi akafunga mdomo miezi minane. Mama wa watu alikuwa na miaka 88, miezi minane kwa umri ule siyo kitu cha kuchezea. Mpaka leo inaniuma.

Hatua ya 2: Jua siri yako ni ya karibu au ya mbali

Hizi ni safari mbili tofauti. Siri ya karibu ni ile ya baba, mama, au babu: umejua aliyekulea siyo aliyekuzaa, au una ndugu wa baba mmoja huko Mwanza au Muscat, au ulichukuliwa mdogo ukalelewa na ndugu. Hii ina watu walio hai ambao wanaweza kuumia kesho asubuhi, na ina mambo ya mirathi. Siri ya mbali ni ile ya kizazi cha tatu, cha nne, kabila siyo lile, dini siyo ile, bibi aliletwa. Hii watu wake wengi washatangulia, kinachopotea kila mwaka ni kumbukumbu za wachache waliobaki. Kwa hiyo ya karibu nenda polepole, ya mbali nenda haraka, maana mzee wako hakungoji.

Hatua ya 3: Wazee kwanza, na hasa wanawake

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu kuliko kote. Watu wengi siku hizi wanakimbilia kutema mate kwenye kichupa cha kupima vinasaba (DNA), lakini kichupa hakitakuambia bibi yako aliolewa vipi.

Nenda mwenyewe, usipige simu. Chukua sukari, majani, na doti ya kanga, kaa, msalimie na kila mtu wa nyumba, na mara ya kwanza usiulize kitu chochote kuhusu asili. Mara ya pili uliza mambo ya kawaida, alikuwa anapika nini, alikuwa mkali, alilala chumba gani. Mara ya tatu wataanza wenyewe. Ukitaka kurekodi kwenye simu omba ruhusa na uweke simu mezani aione, usimfiche mzee.

Usiulize "asili yetu ni wapi", hilo swali lina jibu la kufundishwa ambalo familia imekuwa ikilitoa miaka mia. Uliza vitu vidogo ambavyo hakuna aliyewaza kuvificha. Haya ndo yaliyonisaidia mimi:

Walii wake kwenye ndoa alikuwa nani? Hili ndo swali lililofungua mlango kwetu. Mwanamke ana baba au kaka au ami wa kumuozesha, sasa shangazi alipoulizwa akasema walii alikuwa Mwarabu mmoja mwenye shamba la miwa Pangani. Ndugu yake? Hapana. Kwa sheria ya dini, mtumwa akiachwa huru na hana jamaa, yule aliyemwacha huru ndo anasimama kuwa walii wake. Mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalikuwa yanalimwa na watumwa, wengi walitoka kusini. Sikuhitaji tena mtu aniambie waziwazi.

Alihesabu vipi, aliimba nini, alimtuliza mtoto kwa maneno gani? Bibi yangu akihesabu nazi akifika tatu alikuwa anasema "mcheche, msano", sisi watoto tukajua ni mchezo wake, tukawa tunamwigiza. Miaka arobaini baadaye nikamsimulia jirani yangu Myao, akacheka kwa furaha, akasema hiyo ni nne na tano kwa Kiyao. Wamakonde nao wana "ncheche". Kumbe bibi alijifunza kwa mama yake na alikuwa anatuambia kwao ni wapi kila siku jikoni, hatukusikia. Kwa hiyo kusanya kila neno la ajabu la bibi yako, majina ya mboga, ya ugonjwa, ya matusi hata, kawaulize watu wa makabila tofauti bila kuwaambia unatafuta nini.

Alikatazwa kula nini? Koo nyingi za bara zina miiko, mnyama au samaki fulani hagusi, na mwanamke aliyepotezwa na kwao anaweza akasahau jina la kijiji lakini mwiko akabaki nao, akawapa wanawe bila kuwaeleza sababu.

Nani alikuja kwenye msiba wake, na nani hakuja? Kaburi lake liko wapi, kando ya nani? Nani alikuwa mtani wake? Utani wa makabila una ramani yake, ukijua bibi alitaniwa na nani, akazuiliwa jeneza na nani, umepata fununu nzuri.

Kuhusu majina pia, ila kwa tahadhari. Watumwa wa pwani walipewa majina kama Feruzi, Mabruki, Majaliwa, Baraka, Songoro, au siku waliyopatikana, Juma, Hamisi. Lakini watu huru kabisa nao wanaitwa Juma na Baraka, na wengi walioachwa huru walibadilisha jina wapate heshima. Jina peke yake siyo ushahidi, ni sababu ya kuuliza swali lingine.

Na utakutana na maneno mazito: mzalia (aliyezaliwa utumwani), suria (mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake), mtumwa wa fulani. Usiyatamke we kwanza mbele ya mzee. Akiyatamka yeye, sikiliza bila kushtuka. Suria, kwa mfano, mtoto aliyemzalia bwana wake alizaliwa huru na akachukua nasaba ya baba yake kamili, na mama akafutika kwenye ukoo ulioandikwa. Ndo maana ukoo wa pwani ukiufuata kwa wanaume tu unafika Hadhramaut au Oman au Shirazi moja kwa moja, unajiuliza hao waume walizaliwa na nani. Mwaka 2023 watafiti walitoa matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya zamani ya Waswahili kama Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara, na wakakuta upande wa mama karibu wote ni Waafrika na upande wa baba mara nyingi ni Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama miaka elfu iliyopita. Wazee waliosema sisi ni Washirazi hawakudanganya, walisema nusu. Nusu iliyobaki ni ya mama zetu, na hiyo ndo utakuwa unaitafuta.

Hatua ya 4: Weka tarehe juu ya hadithi

Mzee hatakwambia mwaka, atakwambia "kabla ya vita ya Mjarumani" au "mwaka wa njaa". Tengeneza karatasi yako ya tarehe uwe unalinganisha. Hizi nilizitumia mimi: soko la watumwa Unguja lilifungwa Juni 1873, mwaka 1876 Sultani Barghash akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu, lakini biashara iliendelea kwa kificho miaka mingi baada ya hapo. Vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani ni 1888 na 1889, yeye mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba 1897, pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika mpaka 1922, yaani Mjerumani aliondoka akauacha. Majimaji ni 1905 mpaka 1907. Vita Kuu ya kwanza, ile ya wapagazi wa Kariakoo, ni 1914 mpaka 1918. Mapinduzi ya Zanzibar ni Januari 1964, na familia nyingi zilitawanyika hapo, Oman, Dubai, Uingereza, na baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika madaraka wengi wakaenda Oman.

Shangazi amezaliwa 1935 na anamkumbuka bibi yake akiwa mzee asiyeona vizuri, akafa yeye akiwa darasa la kwanza. Ukipiga hesabu mama yule alizaliwa miaka ya 1870 hivi, aliletwa mtoto, kwa hiyo ni wakati ule wa kificho, kutoka kusini, Kilwa, kwenda juu Pangani. Hesabu ya vidole tu lakini inakuonyesha ufungue faili gani na usifungue lipi.

Hatua ya 5: Makaratasi

Usitarajie cheti cha kuzaliwa, wazee wetu wengi waliozaliwa kabla ya uhuru hawana. Kwa kizazi cha karibu nenda RITA, ofisi ya serikali ya vizazi na vifo, kwa Tanzania bara. Zaidi ya hapo kuna sehemu hizi.

Misikitini na kwa makadhi, vyeti vya ndoa na talaka, na karatasi za mirathi. Mirathi ndo tamu kuliko zote maana mtu akigawa mali lazima ataje nani ni nani.

Makanisani, daftari za ubatizo. Misheni nyingi za pwani zilianza na watu walioachwa huru: Bagamoyo mapadre walifika 1868, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa, Mbweni na Kiungani Unguja walikuwa Waanglikana wa UMCA, haohao mwaka 1876 wakawapeleka watu walioachwa huru kukaa Masasi, na upande wa Mombasa kuna Frere Town na Rabai za CMS, misheni nyingine ya Waanglikana. Kama ukoo wenu ni Wakristo wa zamani wa pwani na hamna kijiji mnachokiita kwenu, anzia hapo. Ongea na padre au katibu wa parokia kwa heshima, omba kuangalia mwaka mmoja au miwili unayoitaka, siyo daftari zima.

Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina mafaili ya Wajerumani. Mjerumani alitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watumwa, zina jina na wilaya, ila mwandiko ni ule wao wa zamani hata Mjerumani wa leo anasumbuka kuusoma, tafuta mtu aliyefundishwa. Zanzibar nyaraka ziko Kilimani, kuna mafaili ya ubalozi wa Waingereza na hati za mashamba na nyumba, mengi kwa Kiarabu. Beba kitambulisho na barua inayoeleza unatafuta nini, na pesa ya ada. Na nenda na jina la mwenye shamba siyo jina la bibi yako, maana inasikitisha lakini ndo ukweli, mafaili yanamtaja mwenye mali.

Hatua ya 6: Vinasaba

Sasa kichupa. Kwanza tofautisha. Kama unataka kujua fulani ndiye baba, na inahusu mahakama au mirathi au matunzo, kwa Tanzania hiyo ni kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi linapitia kwenye mamlaka zinazotambuliwa kama mahakama au ustawi wa jamii, haendi mtu binafsi tu na nywele kwenye bahasha. Usichukue mswaki wa mtu ukaupeleka mahali kwa siri. Ni mwili wake.

Vile vichupa vya kampuni za nje, AncestryDNA, 23andMe, MyHeritage na wengine, kazi yake ni nyingine, kutafuta ndugu ambao nao wamepima. Kwetu wanaopima ni wachache, kwa hiyo ndugu utakaowapata wengi wako Uingereza, Canada, Marekani. Sisi alipima mpwa wangu aliyeko Toronto. Aliye Ufaransa ajue sheria ya kule hairuhusu vipimo hivi vya kujinunulia.

Ukipata nafasi ya kupima mtu mmoja tu, mpime mkubwa kuliko wote anayekubali. Kila kizazi kinapoteza nusu: kwa mzazi una nusu, kwa babu au bibi karibu robo, kwa mama mzaa bibi karibu asilimia 12 na nusu. Shangazi ana robo ya bibi yake, mi nina nusu ya hiyo, mpwa wangu nusu ya yangu. Na mweleze mzee vizuri atema nini na kitakwenda wapi. Asile, asinywe, asitafune tambuu wala asiweke ugoro nusu saa kabla.

Majibu yana sehemu mbili, na watu huangalia isiyo na maana. Ile ramani ya rangi yenye asilimia, Afrika Mashariki kiasi hiki, Uarabuni kiasi hiki, ni makadirio, inategemea kampuni ina sampuli za watu gani, na za makabila yetu ni chache. Inabadilika wakisasisha. Usilie wala usisherehekee kwa sababu yake. Sehemu ya maana ni listi ya watu mnaolingana, inapimwa kwa sentimogani, yaani kipimo cha wingi wa vinasaba mnavyoshiriki. Mzazi na mtoto ni kama 3,400 hivi. Ndugu wa baba mmoja au mama mmoja ni kama 1,750, lakini namba hiyohiyo ni ya babu na mjukuu, na ya ami au shangazi, kwa hiyo angalia umri. Binamu wa kwanza kama 850, wa pili kama 230, wa tatu kama 75 na wengine wa tatu hawalingani kabisa japo ni ndugu halali.

Na hapa kuna jambo ambalo maelezo yao mengi hayalisemi kwa sisi wa pwani. Sisi tunaoana binamu. Mkioana binamu vizazi viwili vitatu damu inajirudia, na kompyuta itakwambia mtu ni ndugu wa karibu kuliko alivyo, kumbe ni binamu wa pili kwa njia mbili. Kabla hujaharibu ndoa ya marehemu kwa namba, chora ukoo uone nani alimuoa nani.

Mwanamume anaweza pia kupima mstari wa baba kwa baba peke yake, unapita kwa wanaume tu, na yeyote anaweza kupima mstari wa mama kwa mama. Huo wa mama ndo niliuhitaji mimi, na hauko kwangu, maana yule ni mama wa mama wa baba yangu. Uko kwa shangazi na watoto wake. Tulichelewa kulielewa hilo, pesa ikaenda bure.

Usalama: data ya mmoja ni data ya ukoo wote. 23andMe iliibiwa taarifa za watu kama milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba kinga ya kufilisika. Tumia jina la kifupi, nywila ngumu, pakua majibu yako uyahifadhi, na kama hutaki tena omba yafutwe.

Hatua ya 7: Kumwandikia ndugu usiyemjua

Meseji ya kwanza iwe fupi, isimtuhumu mama wa mtu, na imwachie mlango wa kukataa. Mi niliandika hivi, unaweza kuichukua:

"Asalaam aleikum ndugu yangu. Naitwa fulani, niko Tanga. Kipimo kinaonyesha mimi na wewe tuna damu moja, huenda ni ya wazee wa zamani. Wazee wetu waliishi Pangani. Sina ninachodai, natafuta tu historia ya bibi yetu. Ukipenda kuongea nitafurahi sana, na usipopenda nitaelewa, Mungu akubariki."

Halafu subiri. Mwezi, miwili. Usimwandikie mkewe, usimtafute Facebook, usitume skrinshoti za picha zake kwa ndugu zako. Kwangu alijibu mmoja wiki ya sita, familia yao ilitoka Pemba wakaondoka 1964, na kwao pia kulikuwa na bibi "aliyeletwa". Hatujajua tunaunganikia wapi ila tunapigiana kila Ijumaa.

Kama siri yako ni ya karibu

Nasema machache, kwa sababu siyo njia niliyopita mwenyewe, ila nimekaa na rafiki yangu aliyepita. Kama mama yako yuko hai, yeye ndiye wa kwanza kujua kuwa unajua, kabla ya ndugu zako, na mkiwa wawili tu. Usimuulize "kwa nini", hujui alikuwa na miaka mingapi na kama alikuwa na hiari. Mwambie unampenda, mwambie ulichokipata, nyamaza. Akikataa siku hiyo ondoka kwa amani.

Kwa Waislamu, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye firashi, yaani mume wa ndoa, kwa hiyo majibu ya maabara siyo kwamba yanageuza nasaba na mirathi kesho yake, muone kadhi au sheikh mwenye elimu kabla hujasema neno kwa warithi. Kwa wengine muone wakili. Na usikimbilie kubadili jina la baba kwenye vyeti, litagusa shule, benki, pasipoti, na watoto wako.

Hatua ya 8: Andika mahali wengine watapata

Chapisha kwenye karatasi, simu hufa. Kila jambo liandike na aliyelisema: "shangazi alisema", "faili linasema", "mimi nadhani". Usichanganye. Andika pia kaburi liko wapi kwa alama zisizong'oka, mbuyu, kisima, ukuta wa msikiti, maana majiwe ya kichwani kwa watu wetu hayana maandishi. Wape nakala watu watatu wa nyumba tofauti.

Jina la mama yule mpaka leo hatuna. Tuna lile alilopewa shambani, shangazi hapendi litajwe. Mwaka huu kwenye hitma ya baba, mwalimu alipoomba majina ya marehemu wa kuombewa, shangazi aliomba kalamu mwenyewe, akaandika chini ya jina la bibi yangu: "na mama yake, mtu wa kusini". Mwalimu akasoma hivyohivyo.